Kindi Aliyeomba Kalamu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, nyumba zina milango, na milango ina makufuli, alikuwepo Bi Kindi mwandishi. Sogeeni, na wewe unayesinzia toka mbele.

Kindi aliandika kuliko wote. Barua ya posa, barua ya kuomba radhi, hata ya kumtukana jirani kwa heshima, hizo zilikuwa kazi zake za asubuhi. Jioni alicheza bao na shoga yake Bi Kanga, mwizi wa kete. Ijumaa alasiri alikuwa ngomani akitikisa kayamba: chaka-chaka, chaka-chaka!

Tembo, mkuu wa nchi, akataka kitabu cha ukoo wake. Kusoma hajui, kuandika hajui, na ulimi wake mzito: kila "l" kwake ni "r". Kumsahihisha? Thubutu! Kakakuona alimsahihisha siku moja tu, na mpaka leo anatembea amejikunja.

"Utarara humu, utakura humu," Tembo akasema, akimsukumia Kindi kwenye chumba cha uani. "Hakuna bao, hakuna ngoma, hakuna mashoga. Mwandishi ni wa kuandika! Ukitoka kabra kitabu hakijaisha, naung'oa mkwaju wako na mizizi yake."

Kwenye mkwaju ule ndiko alikozaliwa. Kindi akakaa.

Na kitabu chenyewe hakiishi! Kila wiki Tembo anamkumbuka babu mwingine.

Mwezi ukapita, wa pili nao ukapita. Ijumaa alasiri ngoma ikilia ng'ambo ya kijito, du-du-ndi, du-du-ndi, Kindi aliweka kalamu chini akasikiliza. Nyimbo zilikuwa mpya, hakuzijua. Na kayamba lilikuwa linalia. Mkono wa nani ule? Vidole vyake vikaanza kutikisika vyenyewe, wino ukamwagikia babu wa tisa.

Siku moja Bi Kanga akapenyeza kichwa uani.

"Shoga! U hai?"

"Naandika."

"Unaandika nini?"

"Babu yake Tembo alikuwa mkubwa."

"Halafu?"

"Na babu wa babu yake alikuwa mkubwa zaidi. Ndiyo hayo hayo, mwenzangu, kurasa sitini. Maneno yamenikauka. Zamani nikitoka ngomani nina sentensi tatu kichwani, nikitoka kwenye bao lako nina matusi mazuri mawili. Sasa nateka kwenye kisima kisicho na maji."

"Kete zako nimekuwekea."

"Umeziiba."

"Nimekuwekea hizo nilizoiba."

Kindi akacheka. Alimtazama mwenzake akienda zake, madoa meupe yakipotea majanini, na roho ikaenda naye. Akabaki pale dirishani mpaka shingo ikauma. Hila ikamjia hapo hapo, shingo ikiuma.

Asubuhi akamwendea Tembo.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Babu wa kumi amemarizika?"

"Ni kalamu, mkuu. Zimekwisha, na Ngiri msimamizi wako hatoi kitu bila amri."

"Basi andika amri! 'Mwandishi wangu apewe karamu kira Ijumaa, tena ya kutosha.'"

"Niandike kama unavyotamka?"

"Herufi kwa herufi! Nani wa kunisahihisha mimi?"

"Hayupo, mkuu."

Kindi akaandika, herufi kwa herufi. Tembo akachovya mguu kwenye wino, akaugonga kwenye karatasi: pwaa!

Ngiri, msimamizi wa ghala na jiko, akasoma kwa kidole. "Ka-ra-mu... ki-ra I-ju-ma-a. Karamu? Kila Ijumaa?"

"Mguu huo wa nani?" Kindi akamwuliza.

"Wa mkuu."

"Basi una swali gani? Na karamu isiyo na wageni ni nini, kaka Ngiri?"

"Ni chakula tu."

"Na isiyo na ngoma?"

"Hiyo ni matanga."

"Basi waite."

Ijumaa alasiri ua ukajaa. Masufuria yanachemka, ngoma zinalia, Bi Kanga anakula kwa niaba ya watatu. Tembo akatoka ndani: gudu! gudu! gudu!

"Nini hii?"

"Karamu, mkuu," akasema Ngiri. "Kwa amri yako."

"Mimi nirisema karamu!"

"Ndiyo hii."

"Siyo karamu ya kura! Karamu ya kuandikia! Ka... ka... ka-ra..."

Wote wanamtazama mdomoni. Ngedere kajiziba kinywa kwa mikono miwili. Tembo akapima: akiri mbele ya nchi nzima kwamba herufi moja imemshinda, au ale?

Akaketi.

"Nireteeni sahani," akasema.

Kindi akapewa kayamba. Mikono ilikuwa imesahau. Akakosea mapigo, akakosea tena, wakamcheka wazi wazi. Nyimbo za miezi ile miwili hakuzipata, kilichokupita kimekupita. Akatikisa tu, akifuata midomo ya wenzake, macho yakimtoka maji, na alipoulizwa akasingizia moshi wa jikoni.

Kesho yake asubuhi akaandika ukurasa ambao Tembo mwenyewe, aliposomewa, alicheka mpaka masikio yakapigana. Haukuwa na babu hata mmoja.

Yangu yanaishia hapa. Anayetaka ndefu zaidi akamwombe Tembo kitabu chake. Kalamu isiyokwenda karamuni hukauka wino.