Mhunzi Aliyeona Moto Mweupe

Kisa hiki alinisimulia bibi yangu Namkunda, mwaka ule mvua za vuli zilipokosekana, tukiwa tunapukuchua mahindi. Yeye alikipokea kwa bibi yake. Nakitoa kama nilivyopewa. Anayetaka kuongeza chumvi akaongeze kwenye mboga za kwao.

Hapo kale, watoto, kale iliyozaa kale, milima hii ya Upare ilipofuka moshi wa matanuru kila bonde, paliishi mhunzi akiitwa Senkondo. Mhunzi hasa. Mchanga mweusi wa mtoni ukiingia tanuruni mwake, kilitoka chuma; chuma kikipita nyundoni mwake, lilitoka jembe. Ukoo mzima ulilima kwa mkono wake.

Lakini alikuwa na kifua. Akipanda kilima, filimbi. Akishuka, filimbi. Rafiki yake Kajiru akamwambia, "Choma jani la mnanaha, uvute moshi wake kidogo." Mnanaha mnaujua, ule wa maua meupe na matunda ya miiba, unaoota jalalani. Akavuta, filimbi ikanyamaza. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi unaanza sasa. Kwa nini mtu akipata nafuu hakomi? Nawauliza nyinyi, kwa nini? Senkondo akasema, "Ikiwa jani limefungua kifua, mbegu itafungua nini?" Akasaga mbegu, akatia kwenye uji.

Mkewe Nakiete akamwona. "Baba Mbonea, hata mbuzi anaukwepa mmea huo."

"Mbuzi hafui chuma."

"Wala haongei na marehemu baba yake jikoni, kama wewe jana!"

"Alikuja kunisalimu."

"Ukampa kigoda changu, nikakaa chini!"

Msicheke. Mdomo ulimkauka hata mate akayakosa. Ngozi ilimwaka bila jasho. Akawa anachuma hewani nyuzi asizoziona mtu mwingine. Na macho! Mboni zilitanuka mpaka jicho likawa jeusi tupu. Shikeni hilo la macho.

Mvua zikakaribia. Mchanga wote waliouchota watu wa ukoo kiangazi kizima wakaujaza katika tanuru moja. Majembe ya mwaka yalikuwa mle. Na mwiko wa tanuru ulikuwa huu: mhunzi peke yake ndiye husema chuma kimeiva. Akishatamka, hapingwi, kwani waliamini neno la pili huua chuma.

Vijana wa tanuru wakavukuta, wakiupulizia moto hewa. Vuku, vuku, vuku. Senkondo, uji wake ukiwa tumboni, akachungulia tundu la tanuru. Mboni zile zilizoachama kama milango zikameza mwanga wote. Moto ulikuwa bado mwekundu, na chuma huiva moto ukiwa mweupe. Yeye akauona mweupe.

"Kimeiva! Bomoeni!"

Vijana wakatazamana.

"Hakijaiva!" Nakiete akapiga kelele. "Mtazameni macho huyu!"

"Nyamaza, shemeji!" Kajiru akamkemea. "Utaua chuma!"

"Mnakiua nyinyi, kwa adabu zenu!"

Wakabomoa. Yakatoka mavi ya chuma na mchanga ulioungua. Basi. Mvua ikanyesha, ukoo ukalima kwa vijiti vilivyochongwa, ukavuna viganja, ukalala njaa.

Senkondo alilala, akaamka uji umemtoka kichwani. Akanawa uso, akauliza kwa upole, "Mama Mbonea, majembe yametoka mangapi?"

Hakukumbuka! Nakiete alimshika mkono, akampeleka tanuruni, akamwacha atazame mwenyewe. Senkondo alilia huku kifua kikipiga filimbi, na tangu siku ile aliiacha ipige.

Ndipo wazee wakaugeuza mwiko. Mhunzi atazame moto, kisha mkewe atazame, na tanuru lisibomolewe mpaka maneno yao yakutane.

Sikieni basi. Aliyelewa ndiye wa mwisho kujua kwamba amelewa. Mwenzako akikuambia macho yako si mazima, usibishane naye, azima yake.

Kisa nimekitua, abebaye na abebe bila kumwaga. Katika waliohusika, Senkondo amekufa, Nakiete amekufa, Kajiru amekufa, na bibi Namkunda aliyenisimulia naye tumemzika. Aliye hai ni mmoja tu, mnanaha. Uko nyuma ya choo, umechanua. Sasa nataka jibu, na nalitaka leo: nani kati yenu amechuma lile tunda la miiba nililolikuta limepasuliwa kizingitini?