Pua ya Fisi na Kiti cha Tano

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, milango na Bunge lao, ukame uliishika nyika yote. Akina mama wakawa wanakwenda mbali kutafuta majani, na watoto wanaachwa pamoja katika boma moja.

Wakati huohuo Bunge lilikuwa linachagua Baraza la Utendaji, viongozi watano wa kuendesha nchi. Viti vinne vilipata wenyewe. Kikabaki cha tano, cha Mlinzi wa Watoto, anayeshika ufunguo wa boma. Waliokitaka walikuwa wawili tu: mama Nungunungu, na Fisi.

Naam, Fisi! Mnacheka? Wenzenu hawakucheka.

Kura ilikuwa ya siri. Kila mbunge hutumbukiza kibuyuni punje moja ya kunde: nyekundu kwa Fisi, nyeupe kwa Nungunungu. Lakini siku moja kabla ya uchaguzi, Fisi alipita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Ngo! Ngo! Ngo!

"Kura ya siri? Hi hi hiii! Pua yangu haijui siri," aliwaambia. "Nitanusa kunde mojamoja. Aliyeninyima nitamjua, na mtoto wake nitamjua pia."

Alasiri hiyo Swala alikuja mbio kwa Pelele, mnyama mdogo wa miambani, karani wa Bunge na mtunza kibuyu. Pelele alikuwa mdogo kuliko wote ukumbini, na alikuwa na mapacha ambao hawajaota meno.

"Bi Karani, mimi nampigia Fisi," Swala alisema. "Wote tunampigia. Nikimnyima, mwanangu ndiye atakuwa wa kwanza."

"Na akishinda, mwanao atakuwa wa ngapi?"

Swala akaangua kilio.

Pelele alirudi nyumbani. Aliwatazama mapacha wake wakiparamiana. Akajiuliza: hivi ile pua kuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi? Kunde zote zinafanana. Fisi akikuambia "hii yako", utabishaje, na wewe mwenyewe huitambui?

Akavaa kanga yake, akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, karani. Umekuja kuniahidi kura?"

"Nimekuja kukuonya. Wapo wanaosema pua yako ni maneno matupu."

"Ati nini!" Fisi akaruka kitini. "Nani hao?"

"Mheshimiwa, ukiwatafuta mmojammoja hutawamaliza. Waonyeshe kesho, kabla ya kura. Wabunge watano watumbukize kunde, unuse, utaje mwenyewe ni nani. Nani atabisha tena?"

Fisi akafikiri, kisha akacheka mpaka mate yakamdondoka. Kweli, nani atabisha? "Andaa kibuyu, karani!"

Asubuhi Pelele aliingia ofisini kwa Spika Kifaru akiwa na vibuyu viwili vinavyofanana, pamoja na ganda kavu la kunde nyekundu. Mbele ya Spika akalipasua, kach! Punje tano zikadondoka ndani ya kibuyu kimoja bila kuguswa na yeyote. Akakificha chini ya meza yake ukumbini.

"Na kama pua ile ni ya kweli?" Kifaru aliuliza kwa sauti ya chini.

"Basi atasema kunde hizi hazina harufu ya mtu, nami nimekwisha."

Ukumbi ulijaa. Wabunge watano waliitwa: Swala, Pundamilia, Ngiri, Kanga na Mbuni. Wakatumbukiza kunde zao, zote nyekundu. Ti! Ti! Ti! Ti! Ti! Pelele akainama kana kwamba anatafuta kifuniko, na alipoinuka alikuwa ameshika kibuyu cha pili.

Fisi akamimina kunde kiganjani, akatwaa moja. Nfff! Nfff!

Akainusa tena. Akamtazama Pelele, akamtazama sana.

"Hii..." alisema Fisi. "Hii ni ya Swala!"

Swala akatoa yowe. Ukumbi mzima ukatetemeka, na Fisi alipoona wanavyotetemeka, akapata moto.

"Hii ya Ngiri, inanuka matope! Hii ya Kanga! Hii ya Mbuni! Na hii, nfff, Pundamilia huyu, namjua hata nikilala!"

"Una hakika, Mheshimiwa?" Pelele aliuliza.

"Kama ninavyolijua jina langu!"

Pelele akavuta kibuyu cha kwanza kutoka chini ya meza, akakitikisa. Chaka-chaka!

"Kunde zao hizi hapa, waheshimiwa. Hizo alizonusa nimezitoa kwenye ganda asubuhi hii, na hakuna aliyezigusa. Spika ameshuhudia."

"Nimeshuhudia," alinguruma Kifaru.

Hakuna aliyecheka kwanza. Walimwangalia Swala, na Swala alikuwa ameacha kutetemeka.

"Kumbe hanusi kitu!" akasema. "Kumbe hanusi kitu kabisa!"

"Hila! Mmenifanyia hila!" Fisi alibweka, lakini kelele za ukumbi zilimmeza.

Kura ikapigwa. Hata hivyo, Pelele aliposhika kibuyu ili kuhesabu hakujua ndani mna nini. Akamimina mezani. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe tupu, arobaini na tisa, na nyekundu mbili. Nungunungu akapewa ufunguo wa boma.

Fisi yeye alizunguka ukumbi, akimkodolea macho huyu na yule.

"Nyekundu moja ni yangu. Ya pili ni ya nani? Nani mwenzangu?"

Hakuna aliyejitokeza, wala pua haikumwambia kitu.

Basi wanangu, anayewatisha kwa uwezo wake, mwambieni kwanza auonyeshe mbele ya watu.