Mdomo Kando ya Njia

Paa! Sauti moja ilisikika usiku kutoka ziwani, kisha kimya. Waliokuwa macho kijijini walisema ni barafu inajinyoosha, wakavuta ngozi za kulungu hadi mabegani, wakalala. Asubuhi zilionekana nyayo za mtu mmoja zikiingia juu ya barafu. Za kutoka hazikuonekana.

Zamani hizo njia za Wampanoag, watu wa nchi ya mapambazuko, zilikuwa tupu. Zilipita msituni kutoka vijiji vya pwani, walikolima mahindi wakati wa joto, hadi mabonde ya ndani walikojikinga na baridi. Kando yake hapakuwa na shimo hata moja. Mtu alipita, jambo likatokea, theluji ikafunika, theluji ikayeyuka, na mwaka uliofuata mahali pale palikuwa mahali tu.

Nyayo zile zilikuwa za mwana wa pekee wa Sokanon, mjane mfuma mikeka. Jina la kijana huyo silitaji. Kwa Wampanoag, jina la marehemu lililazwa pamoja naye, na kulitamka mbele ya wafiwa lilikuwa tusi kubwa. Aliyekuwa na jina kama hilo alitafuta lingine. Basi Sokanon alijipaka masizi ya maombolezo usoni, na kijiji kizima kikafunga mdomo.

Lakini jina lile lilikuwa pia neno la kila siku. Sokanon alikuwa ameshikwa na uchungu akiteka maji pale yanapobubujika yenyewe kutoka ardhini, akajifungua hapohapo, akampa mtoto jina la maji hayo. Sasa neno nalo likazikwa. Watu walisema "yale maji" huku wakionyesha chini kwa kidole. Mgeni aliuliza, "Maji matamu hivi mmeyatoa wapi?" Wenyeji walijibu, "Chini," kisha wakatazama pembeni. Watoto waliozaliwa baadaye hawakulijua neno hilo kabisa.

Na kilichomuua kijana kilikuwa kitu hichohicho. Katikati ya ziwa yale maji yalipanda vuguvugu kutoka mchangani, yakaila barafu kwa chini, usiku na mchana. Juu palikuwa peupe na pagumu kwa macho, sawa na kwingine kote.

Miaka ikapita. Majira mengine ya baridi alitokea Ahanu, mwanamume wa pwani, mcheshi, kikapu cha mikunga, samaki warefu kama nyoka, waliokaushwa kwa moshi, kikiwa mgongoni. Mkewe, Anekus, alikuwa mjamzito, akikaa kwa Sokanon, dada mkubwa wa mama yake. Ahanu aliona moshi wa kijiji ng'ambo ya ziwa. Akaiacha njia, akakanyaga barafu. Sokanon alikuwa ukingoni akiokota kuni.

"Wewe! Zunguka! Usipite katikati!"

"Kwa nini, mama mkwe? Barafu hii inabeba hata dubu."

"Chini kuna..." Neno lilifika kwenye ulimi, likasimama. "Chini kuna yale maji."

Ahanu alicheka hadi kikapu kikatikisika. "Ni ziwa, mama! Ulitaka chini kuwe na nini, uji?"

"Yale, nakwambia! Yale yanayo..." Akainua mikono yote miwili kutoka magotini hadi kifuani.

"Yanayocheza ngoma? Basi nitacheza nayo."

Akaenda akicheka, na barafu ikafunguka chini yake.

Sokanon alijilaza kifudifudi, akatambaa, akamsukumia tawi refu la mwaloni. Wanawake waliosikia ukelele walimshika miguu, wakawavuta wote wawili kama wavutavyo wavu. Ahanu aliishi. Mikunga walizama, na vidole vya mguu wake mmoja vilikufa kwa baridi.

Kulipokucha Sokanon alikwenda pale njia inapogusa ziwa. Akawasha moto juu ya ardhi iliyoganda ili ilainike, akasogeza makaa, akaanza kuchimba kwa jembe la gamba la kombe la baharini. Anekus alimfuata, mkono tumboni.

"Mama mkubwa, unachimba nini kwenye baridi hii?"

"Mdomo."

"Mdomo?"

"Wangu umefungwa. Ardhi haijafiwa, acha iseme."

Shimo lilikuwa la mviringo, refu kufikia nusu ya muundi wa mguu. Aliyepita alisimama, kwa kuwa shimo safi la mviringo halijichimbi. Akauliza. Aliyejua akamweleza: hapa mtu aliingia juu ya barafu asirudi, na hapa mwingine alicheka akavutwa kwa tawi, kwa hiyo zunguka. Jina halikuhitajika. Msikilizaji aliinama, akatoa majani yaliyoangukia ndani, akaendelea na safari akiwa na kisa cha kumpa atakayekutana naye.

Wengine wakaiga. Palipofanywa amani pakachimbwa, na palipoangushwa kulungu mkubwa pakachimbwa pia. Hiyo ndiyo sababu njia za Wampanoag zikawa na mashimo kando yake, na aliyepita akawajibika kuyasafisha na kuuliza. Safari ndefu ilifupishwa na visa, na mtu aliyetembea sana akawa mtu anayekumbuka sana.

Ila shimo lilionya tu. Halikuweza kusema kilichokuwa chini ya barafu.

Samaki walipoanza kupanda mito, Anekus alijifungua mtoto wa kiume. Jina lililolazwa liliweza kuinuliwa na yule mfiwa tu aliyelilaza, na kupewa mtoto mchanga. Hakuna aliyethubutu kumwomba Sokanon. Ahanu alithubutu, akichechemea hadi mlangoni mwa nyumba yake ya magome.

"Mama, huyu atakua. Ataniuliza ziwani kuna nini. Nimwambie 'yale'? Mimi 'yale' imeninyang'anya vidole."

Sokanon hakucheka. "Nikimpa mwanao, wangu atakuwa amekwisha. Watakapoliita, atakayeitika ni huyu."

"Ataitika mtu, mama. Sasa hivi haitiki yeyote."

Sokanon aliendelea kufuma mkeka uliokuwa magotini. Nje watu walikuwa wamekusanyika, wakijifanya wana shughuli. Hatimaye aliuweka mkeka kando, akanawa masizi ambayo hakuwa ameyaacha miaka yote hiyo, akanyoosha mikono. Anekus akampakatisha mtoto. Mjane alimtazama kwa muda, akiwa na hofu kwamba ulimi umesahau njia. Kisha aliinama hadi sikioni mwa mtoto, lakini alilitamka jina la yale maji kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Takekum."