Kikombe Kilichopotea Kambini

Katika kambi moja ya vijana wa kanisa, huko Tukuyu, walikuwepo walimu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Subilaga akisimulia Biblia, watoto husahau hata uji. Gwamaka aliweza kumfanya yeyote aigize, hata mwenye haya kupindukia. Atupele yeye alikuuliza swali moja tu, kisha akakungoja mpaka useme.

Siku ya tatu, kikombe cha fedha cha Meza ya Bwana kikatoweka kabatini. Mkuu wa kambi, Mama Tupokigwe, hakumwamini mtu tena. Alipekua mabegi ya vijana, akawatazama walimu kwa jicho la pembeni, mwishowe akamgeukia mpishi, Mzee Ambokile, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa pili wa kabati.

"Mama, miaka kumi na tisa nawapikia. Leo nimekuwa mwizi?"

"Sijasema mwizi, mzee. Nimesema kesho ufungashe."

Siku hiyohiyo Subilaga akatangaza somo: kikombe cha Yusufu kilichokutwa ndani ya gunia la Benyamini. Mama Tupokigwe akashtuka. Kwa nini hadithi hiyo, na kwa nini leo? Akajibanza mlangoni.

Subilaga alisimulia hadi pale magunia yanapofunguliwa, ukumbi mzima ukabana pumzi. Gwamaka akagawa magunia. Lusekelo, binti wa miaka kumi na minne, akapewa nafasi ya Yuda, yule anayeomba kuadhibiwa badala ya mdogo wake.

"Nichukueni..." Sauti ikamkwama.

Mama akadhani kasahau maneno. Lakini Atupele akauliza taratibu, "Yuda, una nini moyoni ambacho ndugu zako hawakijui?" Vijana wakaanza kukohoa. Yeye akangoja tu.

"Nilikuta kabati wazi, nikakitoa nikisafishe," Lusekelo akalia. "Kikaanguka, kikabonyea. Nimekificha kwenye unga, stoo."

Kikatolewa kikiwa cheupe kwa unga. Mama Tupokigwe akamwomba mpishi radhi mbele ya kambi nzima. Hata hivyo shaka haikumtoka. "Mlijua?" aliwauliza walimu. Wote wakakana.

Sasa chuo cha Biblia kilikuwa kimeomba jina la mwalimu mmoja, akasomeshwe bure. Mama akawaita wote watatu, amteue yule aliyeufichua ukweli.

"Bila hadithi, dhamiri yake isingeguswa," alisema Subilaga.

"Hadithi hiyo kaisikia tangu utotoni," Gwamaka akadakia. "Imemwingia alipobeba gunia mgongoni."

"Na angeshuka jukwaani na siri yake," Atupele alisema, "kama nisingengoja."

Mzee Ambokile, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini. "Mimi aliyeniokoa ni yule binti. Mbona hamumtaji?"

Mama Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja, kalamu mkononi, karatasi bado tupu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kalamu hiyo ingekuwa yenu, mngeandika jina la nani?