Ugomvi Juu ya Kitanda cha Bibi

Ndugu zangu, fungeni Biblia kwanza, na wewe mwenye simu kule nyuma itie mfukoni, maana mfano wa leo nauleta nikiwa nimeudhika. Nimeudhika na watu wenye hoja. Msicheke, subirini tufike mwisho.

Kulikuwa na profesa mmoja wa chuo kikuu, mtu wa falsafa. Kazi yake ilikuwa akili ya mwanadamu. Si kuitibu kama daktari, ila kuiuliza maswali. Na swali lake kubwa lilikuwa hili: nitajuaje kwamba ndani ya mtu mwingine kuna mtu? Aliwaambia wanafunzi wake, "Redio inaongea, inacheka, inaimba, na ukiifungua hukuti mtu humo. Sasa jirani yako naye anaongea na kucheka. Umeshamfungua ukaona nini?" Akaandika vitabu, akaalikwa ng'ambo, akapigiwa makofi. Mimi simlaumu, swali ni zuri. Lakini je, mmewahi kuishi nyumba moja na swali zuri?

Mkewe aliishi nalo. Akisema asubuhi, "Baba Lusajo, kichwa kinaniuma," profesa anashusha miwani. "Mimi naona mtu aliyeshika kichwa. Maumivu yenyewe siyaoni."

"Basi mletee dawa huyo aliyeshika kichwa!"

Na dawa anaitafuta mwenyewe. Miaka ya mwanzo alikuwa akicheka. Baadaye akawa ananuna. Mwishowe ilitosha kumsikia mume anakohoa kile kikohozi cha kuanzia hoja, damu inamchemka. Wala hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Alifundisha hisabati sekondari, na kumbana mtu aliyekosea alijua.

Basi mama mzazi wa profesa akapatwa na kiharusi huko kijijini. Wakamleta mjini, wakamtandikia kitanda sebuleni penye dirisha. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, ulimi umekuwa mzito, macho yamebaki kutazama tu. Aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko alikuwa mkwewe, huyu huyu Mama Lusajo. Nalisema hilo mapema, nisije nikamsikia mtu akitoka hapa anasema mwanamke yule alikuwa mbaya.

Profesa naye alimchunguza mama yake kwa jicho la kazi yake. Kisha siku moja, amesimama ng'ambo ya kitanda, akasema, "Kuna nyumba ya watawa wanaopokea wagonjwa wa namna hii. Tumpeleke."

"Tumpeleke mama yako akafie kwa watu?"

"Mahali ni mahali kwa anayejua yuko wapi. Huyu hatuna ushahidi kwamba anajua chochote."

"Anasikia! Mama anasikia kila neno!"

"Unajuaje?"

Ee Mungu wangu! Kama kijiko cha uji kingekuwa mwiko, siku ile profesa angekwenda hospitali. Tangu hapo ukawa ugomvi wa kutwa, mke upande huu wa kitanda, mume upande ule. Mke anasema, "Nikimgusa mguu anashtuka." Mume anajibu, "Hata kifauongo ukikigusa kinajikunja." Mke anasema, "Juzi alitoa machozi." Mume anajibu, "Jicho lisilopepesa hutoa machozi." Mwanamke akatupa kijiko bakulini, uji ukaruka ukamwangukia bibi shavuni. Akaufuta huku bado anafoka. "Huyu ni mtu, Baba Lusajo! Ni mtu, si mada yako!"

Maneno mazuri hayo, wapendwa. Nani hapa asingeyasema? Nawaona mnavyotikisa vichwa. Wote mko upande wa mwanamke, na mimi pia niko huko.

Sasa jumuiya yao ilikuwa na siku ya kutembelea wagonjwa. Akaja mjane mmoja, amechelewa, wenzake walishapita nyumba nyingine. Akabisha hodi. Hakuna aliyemsikia kwa zile kelele, akajikaribisha mwenyewe. Akawapita wenye nyumba, akaenda moja kwa moja kitandani, akainama.

"Shikamoo, mama."

Akasubiri. Ndugu zangu, mnaijua shikamoo isiyoitikiwa. Unaona haya, unaanza kukohoa, unajifanya hukusema kitu. Huyu hakujifanya. Alibaki ameinama vile vile mpaka profesa akaacha kusema, mkewe naye akanyamaza, nyumba ikatulia. Midomo ya bibi ikaanza kuhangaika. Ikapinda, ikatetemeka, ikatoa kisauti kilichokwaruza.

"...haba."

"Umesikia!" mwanamke akapiga kelele, akamgeukia mumewe na kidole kikamfika usoni. "Kaitikia! Umesikia? Nilikwambia mimi! Haya, sema sasa, profesa, sema!"

Profesa alikuwa ameketi chini, ameshika ukingo wa kitanda.

Yule mgeni akauliza, hata kichwa hakuinua, "Mama Lusajo, kwani wewe humwamkii?"

Siku za kwanza mwanamke alimwamkia mkwewe. Salamu ikakosa jibu, akaona uzito, akaacha. Na tangu alipoacha, kila neno alilolisema kando ya kitanda kile lilikuwa la mumewe. Alimwosha bibi huku akigombana na profesa, akamlisha huku akitafuta hoja ya kesho. Alipigania kwamba bibi anasikia, na hakumpa hata neno moja la kusikia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mgeni akasema tena na bibi, taratibu. "Mama, wanao hapa wanabishana, ubaki au upelekwe kwa watawa. Wewe mwenyewe unataka wapi?"

Mwanamke akapiga magoti upesi, akaukamata ule mkono mzima. "Hapa, mama. Sema hapa. Hapa ni kwako." Akahisi vidole vikijinasua kutoka mkononi mwake. Mkono ukainuka kidogo kidogo, kidole kikanyooka, kikaelekea mlangoni.

"Unataka kuondoka, mama?"

Bibi akaitikia kwa kichwa.

Mbona mmenyamaza? Mwanamke alilia, ndiyo, na profesa alilia. Lakini bibi alipelekwa kwa watawa, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Sasa nakuja kwetu, na mtu asimtazame jirani yake. Sisi tunajua kwamba Mungu yupo na anasikia. Akitokea kijana wa mtaani akauliza, "Mnajuaje?", hatulali mpaka tumemshinda. Tunabishana stendi, tunabishana kwenye simu. Humu humu ndani kwaya mbili hazisalimiani kwa kugombea nani anamwimbia Mungu vizuri. Na kazi yake tunaifanya, nani kakataa? Kanisa linafagiwa, madhabahu inapambwa, bati zimenunuliwa. Lakini leo asubuhi, wewe, umemwambia nini yeye mwenyewe? Sikuulizi umesema nini habari zake. Nauliza umemwambia nini. Na ulisubiri akujibu, au ulikuwa na haraka ya kwenda kumtetea?

Maprofesa siwaogopi. Wao wanauliza kama yupo, na atawajibu kwa wakati wake. Ninaloliogopa ni kanisa hili, linalojua kabisa kwamba yupo. Maana hatujawahi kumuuliza kama anataka kubaki na sisi, na leo nikimuuliza mbele yenu, sina hakika kidole chake kitaelekea wapi.

Pigeni magoti. Mwamkieni. Na mkishasema, mtu asikimbilie amina.