Kwa Nini Moto wa Mwilini Hutoka kwa Mama

Zamani za mababu wa mababu, watu wa milimani hawakuwa na joto lao wenyewe. Mtu aliota moto jikoni mpaka viungo vilainike, kisha akatoka mbio kufanya shughuli zake kabla hajapoa. Akipoa njiani, basi tena. Aliketi papo hapo, macho wazi, mdomo umeganda, akisubiri mtu wa nyumbani kwake amletee makaa ndani ya chungu. Msicheke. Ndivyo walivyoishi, na waliona ni jambo la kawaida.

Aliyechoshwa na kawaida hiyo ni mwanamke mmoja aitwaye Nakijwa. Mumewe, Senzia, alikuwa mtu wa maneno mengi. Akitumwa chumvi kijiji cha jirani alisimama kusalimia kila mlango, akaulizia mbuzi, akaulizia wagonjwa, na joto likamwishia kwenye mteremko uleule kila mara. Nakijwa aliacha maharage jikoni, akajitwika makaa na kushuka kumfuata. Mara ya kumi na tisa aliketi kando ya mumewe aliyeganda, akalia kwa hasira.

Aliporudi nyumbani alipiga magoti mbele ya mafiga. Chini ya mafiga hayo waliishi wavuvia, watu wadogo kama punje za ulezi, ambao kazi yao ilikuwa kuvuvia moto usizimike. Kila mtu aliwajua, ila hakuna aliyewahi kuwasalimia.

"Hodi, wenyewe," alisema Nakijwa. "Nimechoka kubeba moto. Ingieni miilini mwetu, mkae nao humo humo."

Mkubwa wao, Kimeta, alikuwa na sauti kubwa kuliko umbo lake. "Tutakuja, mama. Lakini sisi si watu wa kukalia masizi. Mtatulisha kwa kiasi. Mtatembea, maana mkitembea ndipo nasi tunapumua. Na kila siku mtatuachia kitambo bila chakula, tuzoe majivu, tubomoe meko mabovu na kujenga mengine."

Nakijwa alikubali. Senzia naye alikubali, tena kabla Kimeta hajamaliza kusema. Wavuvia wakaingia pamoja na uji wa asubuhi, wakasambaa mwili mzima, na wengi wao wakajazana penye kazi nyingi, yaani mapajani na moyoni. Kwa mara ya kwanza Nakijwa alipanda mlima na kushuka bila kugeuka nyuma kutafuta moshi wa jikoni kwake. Siku ya pili walikuja majirani kuomba, na baada ya miezi michache mlima mzima ulikuwa na joto.

Sasa, kwao kulikuwa na desturi kwamba mke huwasha moto na mume huzoa majivu. Senzia alijulikana kwa kuyaacha mpaka mafiga yazame. Alipopata moto wa ndani aliyasahau kabisa majivu yake. Aliona hana tena sababu ya kuinuka. Alikaa kwenye kigoda akila ndizi mbivu, asali na mafuta ya kondoo, na kabla hajameza hiki alikwishanyoosha mkono kuchukua kile.

"Mume wangu, inuka basi, hata mpaka kwenye mfereji," alisema Nakijwa.

"Moto ninao, mke wangu. Niende kuufuata wapi?"

Alimwambia asubuhi, akamwambia mchana. Alimkumbusha maneno ya Kimeta. Senzia alitia pamba masikioni. Miguu yake ikaanza kuwa mizito, kisha akawa anahema kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hapo ndipo wakwe walipoingia. Watu wale walijua dawa moja tu ya moto uliofifia, nayo ni kuongeza kuni. Mama mkwe alileta mafuta, shemeji alileta asali, na shangazi alileta vyote viwili.

"Mama, huo si moto uliokosa kuni," Nakijwa alisema, amesimama mlangoni na ujauzito wake wa kwanza. "Huo umezibwa na majivu."

"Mwanangu anakufa, wewe unamnyima chakula?" mama mkwe alijibu, akampita na chungu chake. Jioni hiyo kijiji kizima kilijua kwamba Nakijwa ni mchoyo.

Asubuhi moja Senzia hakuweza kuinua kibuyu cha maji. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nakijwa aliweka sikio kifuani pake akasikia kikohozi, vikohozi vingi vidogo vidogo.

"Kimeta! Mpo?"

"Wa mapajani wameshahama," Kimeta alijibu. "Tuliobaki moyoni ni wagonjwa watupu. Leo tunaondoka."

"Mkiondoka atakufa."

"Kwani sisi tulisema nini?"

Nakijwa alimkasirikia mumewe, akawakasirikia wakwe, na akajikasirikia mwenyewe kwa sababu bado alimpenda mjinga yule. "Nilipaswa kumwacha," alisema. "Siwezi. Chukueni wazima kutoka kwangu, muwatie kwake."

Kimeta alimjibu. "Sisi hatumtupi mgonjwa wetu nje. Wazima wako wakija huku, wagonjwa wa huku watakuja kwako. Na wewe una mtoto tumboni, mama. Watagawana nafasi bila kuchagua. Sitaweza kukuambia mtoto atapata wepi."

Nje mama mkwe alikuwa anapiga hodi na chungu kingine. Nakijwa hakuitikia. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Kisha alilala kifua juu ya kifua cha mumewe, na hakuinuka mpaka uji uliokuwa jikoni ulipokauka na kuungua.

Senzia alivuta pumzi ndefu. Kabla hajapata nafasi ya kulalamika, mkewe alimshika kwapani na kumburuta mpaka kwenye mfereji na kumrudisha. Senzia alilia njia nzima, naye mkewe hakumsikiliza. Chungu cha mama mkwe kilirudi kwao kikiwa kimejaa.

Kimeta naye alitoa amri zake. Wavuvia wa moyoni walikula kiapo cha kutopumzika hata mara moja, kwa kuwa walikuwa wameona kifo kwa macho yao. Wa mapajani waliamriwa warudi kwa kadiri mtu anavyotembea, na akiwakimbiza ghafla wamuunguze misuli ajue wanatweta. "Na mwanamume," alisema Kimeta, "atawapokea wavuvia, atawatumia, nao watakufa naye. Hatawapeleka tena kwa mtoto, maana ameacha majivu yatuzibe. Watapita kwa mama tu."

Nakijwa alijifungua binti aliyechelewa kutembea, akichoka kabla hajafika mlangoni. Mtoto wa pili alikimbia kama mbuzi. Wakwe walikuja kuuliza Nakijwa alikula nini mimba ya kwanza. Alimtazama mumewe aseme. Senzia, bingwa wa maneno, aliangalia paa. Nakijwa alimfunga binti yake mgongoni na kutoka, maana angebaki angempiga mtu.

Na tangu siku hiyo, moto ulio ndani ya kila mtu umetoka kwa mama yake, naye aliupata kwa mama yake. Katika tumbo moja, huyu hupewa wavuvia wengi wazima, na yule hupewa waliochoka, misuli yake ikalegea au moyo wake ukataabika mapema. Hakuna anayechagua. Hata hivyo mtoto wa namna hiyo akizaliwa leo, ndugu hukusanyika na kumuuliza mama alikosea wapi. Hakukosea. Kulikuwa na mtu anakufa kitandani, na katika nyumba ile yote ni yeye peke yake aliyekuwa na cha kutoa.