Ngoma ya Gugu Karoti

Soma mpaka mwisho, halafu mtumie rafiki yako mwenye haraka ya kushangilia.

Katika bonde moja la mto liliingia gugu karoti. Majani yake ni kama ya karoti, maua yake ni madogo na meupe. Ng'ombe waliolila walitoa maziwa machungu. Mama Eliakunda alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na mwanawe Eliakunda, aliyekuwa ametoka kuachishwa ziwa, alitema kila kijiko. Mtoto akazidi kukonda.

Mama akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, nisaidieni! Leo ni kwangu, kesho ni kwenu."

Wakaja! Wazee kwa vijana, mifuko mikononi ili wasiwashwe, wakang'oa kuanzia darajani hadi kwenye maporomoko. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyetegea. Bonde likabaki safi!

Mwenyekiti wao, Baba Ndesario, akatoa kiberiti. "Tuyalundike, tuyachome hapa hapa."

"Ngoja kwanza!" akasema Mama Eliakunda. "Wewe Baba Ndesario, hata harusini ungekuja na kiberiti!"

Watu wakacheka. Kwao furaha haichezwi mikono mitupu, lazima kupunga matawi. Na matawi yaliyokuwepo ni yale yale. Wakajivika maua, wakayafunga kwenye majembe, wakapanda kilima kwa vigelegele, wakicheza mlango hadi mlango. Mwenyekiti naye akapunga!

Mvua ziliponyesha, watu wakakimbilia mtoni kutazama. Nyasi tupu! Wakakumbatiana.

Waliporudi ndipo walipoona. Pembeni mwa njia yote waliyoicheza, magugu machanga yalikuwa yameota, yamepanda kilima na kuingia kila ua. Penye zizi la Mama Eliakunda yalisongamana, maana hapo ndipo ngoma ilipokolea.

Mama akashika kichwa. "Mbegu tumezipunga wenyewe!"

"Nimekuja na kiberiti," akasema Baba Ndesario. "Harusi iko wapi?"

Wakacheka mpaka machozi, kisha wakainama. Safari hii waling'oa kabla ya maua, wakachoma, wakashangilia kwa makofi tu.

Ng'ombe akarudia nyasi nzuri. Siku moja Eliakunda akapewa kikombe. Akaonja. Hakutema. Mama yake akashusha pumzi. Mara mtoto akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikombe kikamfunika uso.

Funzo: Adui uliyemshinda usimfanye pambo la sherehe yako.